Taa moja kubwa au sita ndogo? Sayansi ya kuwasha njia ya nyumbani, Mikumi na Kilosa

Simama kando ya barabara kuu pale Mikumi mjini saa 2 usiku, usubiri lori linaloelekea Tunduma likupite. Kwa sekunde chache unaona kila kitu: majani, kokoto, mpaka kamba za viatu vyako. Likishapita, giza linakufunika kiasi kwamba hata viatu vyenyewe huvioni. Lakini nyota zipo pale pale, na mwanga uliokuwepo kabla ya lori bado upo. Kilichobadilika ni jicho lako.

Jambo hilo dogo ndilo msingi wa makala ya leo. Watu wengi tukitaka kuwasha njia ya nyumbani, yaani kutoka getini hadi mlangoni, au kutoka mlangoni hadi choo cha nje, tunawaza kitu kimoja tu: taa yenye nguvu. Tunanunua taa kubwa ya usalama, tunaifunga juu ukutani, nyumba inang'aa, majirani wanasifia. Kisha siku moja mtu anajikwaa kwenye jiwe lile lile, au anakanyaga nyoka, huku taa inawaka. Ilikuwaje?

Jibu fupi ni kwamba kwenye njia ya kutembea, nguvu ya taa si jambo la kwanza. La kwanza ni mwanga uende wapi, usiende wapi, na kwa saa zipi. Ukipanga hayo matatu vizuri, taa ndogo sita zitakuonyesha mengi kuliko taa moja kubwa, tena kwa umeme kidogo sana. Twende hatua kwa hatua.

Jicho lina mitambo miwili

Ndani ya jicho, kwenye retina, kuna seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Koni hufanya kazi mchana na ndizo zinazotofautisha rangi. Vijiti hufanya kazi gizani. Havijui rangi, lakini vinanasa mwanga mdogo mno. Ukitoka ndani kwenye mwanga mkali na kuingia gizani, vijiti huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kufikia uwezo wake kamili. Ukipigwa mwanga mkali machoni hata kwa muda mfupi, kazi hiyo inarudi nyuma sana.

Pia kuna mboni. Kwa kijana, gizani inaweza kufunguka hadi milimita 7 hivi, na kwenye mwanga mkali ikabana hadi milimita 2. Kwa wazee mambo ni magumu zaidi: mboni haifunguki sana na lenzi imeanza kuwa ya manjano. Retina ya mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi tu ya mwanga anaopata kijana wa miaka 20 mahali pale pale. Na kama bibi ana mtoto wa jicho, taa inayompiga usoni hutawanyika ndani ya jicho lake, akaona ukungu mweupe badala ya njia.

Kwa hiyo ukipanga taa za nyumbani, usijipime wewe peke yako. Mpangie bibi.

Kwa nini taa ya ukutani hukudanganya

Chukulia nyumba yenye njia ya mita 24 kutoka mlangoni hadi getini. Umefunga taa ya wati 50 ukutani, kimo cha mita 3. Sasa toka ndani uelekee getini. Taa iko mgongoni, kwa hiyo kivuli chako kinakutangulia. Kama una kimo cha mita 1.6, ukifika mita 6 kutoka ukutani kivuli chako kina urefu wa karibu mita 7. Yaani sehemu unayokwenda kukanyaga ndiyo umeiwekea giza wewe mwenyewe!

Ukirudi kutoka getini mambo yanageuka. Taa inakupiga usoni, mboni inabana, na kila kilicho chini kati yako na nyumba kinakuwa cheusi. Ni lori la Tunduma lile lile, ila hili halipiti.

Halafu kuna kanuna ya umbali. Mwanga wa taa husambaa kadiri unavyosonga mbele, hivyo ukiwa mbali mara mbili unapata robo tu, na ukiwa mbali mara nne unapata sehemu moja kati ya 16. Kama mita 1 kutoka kwenye taa kuna lux 40, mita 2 kuna lux 10, na mita 4 zimebaki lux 2.5. Kwa hesabu hiyo, mwanga unaofika mita 24 ni sehemu moja tu kati ya 36 ya ule ulio mita 4. Karibu na mlango ambapo hakuna shida kunawaka kama uwanja wa mpira, huku getini, ambako ndiko unahitaji kuona, kumefifia.

Lux ngapi zinatosha?

Lux ni kipimo cha mwanga unaotua mahali: lumeni moja ikitandazwa kwenye mita ya mraba moja, hiyo ni lux 1. Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa, na kwa kawaida huandikwa kwenye boksi.

Mbalamwezi ya mwezi mpevu hutoa kama lux 0.25 hivi. Wengi tumetembea kijijini kwa mbalamwezi bila tabu yoyote. Viwango vya Ulaya vya taa za dharura vinadai angalau lux 1 katikati ya njia ya kutokea, na kwa mwanga huo watu wanatakiwa kuweza kutoka salama kwenye jengo umeme ukikatika. Basi kwa njia ya nyumbani, lux 1 hadi 5 zinatosha kabisa, ilimradi hakuna taa inayokupiga machoni.

Sasa tufanye hesabu. LED ya wati 1 hutoa karibu lumeni 80 hadi 100. Ivishe kofia inayoelekeza mwanga chini, na tuseme lumeni 60 ndizo zinazofika ardhini kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 2. Eneo la duara hilo ni karibu mita za mraba 12.6. Gawanya 60 kwa 12.6, unapata wastani wa lux 5 kasoro kidogo. Kwa wati moja tu!

Kila taa inahudumia mita 4 za njia, kwa hiyo njia yetu ya mita 24 inahitaji taa 6. Jumla ni wati 6. Taa ya ukutani ilikuwa wati 50. Ukiziacha usiku kucha kwa saa 12, ile kubwa inakula uniti 0.6 kwa usiku, sawa na uniti 18 kwa mwezi. Zile sita zote kwa pamoja hazifiki uniti 2.2 kwa mwezi.

Zifunge kwenye vinguzo vya kimo cha kati ya goti na kiuno. Mwanga unaotoka chini na pembeni una faida nyingine: jiwe, shimo, ngazi na kamba vyote vinatupa kivuli kidogo, na kivuli hicho ndicho kinachokuambia kuwa kuna kitu. Kofia unaweza kutengenezewa na fundi bati kwa vipande vilivyobaki. Kipimo cha kujua kama umefanya vizuri ni rahisi: simama njiani, uone ardhi, usione balbu. Ukiiona balbu yenyewe, shusha kofia.

Chokaa nayo ni taa

Jicho haliuoni mwanga unaotua ardhini, linaona ule unaorudishwa. Udongo mweusi uliolowa hurudisha chini ya asilimia 10. Chokaa mpya hurudisha kama asilimia 80. Kwa hiyo jiwe lililopakwa chokaa linaonekana kung'aa mara nane au zaidi kuliko tope lililo kando yake, chini ya taa ile ile.

Umeona mawe meupe yaliyopangwa kando ya njia kwenye shule na ofisi nyingi za serikali? Usiyadharau, hayo si mapambo tu. Pakeni chokaa mawe ya pembeni, ukingo wa ngazi na mdomo wa mtaro. Kama bajeti inatosha kwa taa tatu tu, chokaa itakuziba pengo la nyingine tatu. Wazo la ziada: mwaga kokoto za rangi nyepesi katikati ya njia. Kitu cheusi kikilala juu yake, unakiona.

Usiku wetu ni wa saa 12

Hapa ndipo taa nyingi za sola zinapotuangusha. Mikumi na Kilosa ziko kati ya nyuzi 6 na 8 kusini mwa Ikweta. Mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa 12 na dakika 20 na karibu saa 1 jioni, na usiku huwa wa saa 11 na nusu hadi 12 na nusu. Pia giza letu huingia haraka: ndani ya dakika 20 na kidogo baada ya jua kuzama, mambo yameisha. Linganisha na London mwezi Juni, ambako usiku huwa wa takriban saa 7 na nusu tu. Taa iliyoandikwa "saa 8" inamfaa mtu wa kule wakati wa kiangazi chao. Kwako itazima kati ya saa 8 na saa 9 usiku, kabla bibi hajaamka kwenda chooni.

Angalia pia zile taa ndogo za kuchomeka ardhini. Nyingi zina betri moja ndogo ya volti 1.2. Kama ina ampea-saa 0.6, imebeba wati-saa 0.72 tu. Gawanya kwa saa 12, unapata wati 0.06, sawa na lumeni 6 hivi. Zinapendeza kama pambo na zinakuonyesha njia inapita wapi, lakini hazikuonyeshi kilicholala njiani.

Mpango bora ni paneli moja juu ya bati, betri moja ndani ya nyumba, na waya mmoja wa volti 12 unaopita kando ya njia. Hesabu yake ni hii:

- Taa 6 za wati 1 kwa saa 12 zinahitaji wati-saa 72.
- Ukichukulia saa 5 za jua kali kwa siku, unahitaji paneli ya wati 14.4. Ongeza kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu kwenye betri, nunua ya wati 20.
- Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 12 inabeba wati-saa 144, lakini ukiimaliza zaidi ya nusu kila siku itakufa mapema. Kwa hiyo chukulia ina wati-saa 72, yaani usiku mmoja.

Usiku mmoja tu? Na masika je, mawingu yakitanda siku mbili? Suluhisho si lazima betri kubwa. Weka kontrola yenye saa, au sensa ya mwendo. Taa ziwake kwa nguvu yote kwa saa 4 za kwanza, halafu zishuke hadi robo kwa saa 8 zilizobaki, na mtu akipita zipande tena kwa dakika moja au mbili. Saa 4 mara wati 6 ni 24, na saa 8 mara wati 1.5 ni 12. Jumla wati-saa 36, nusu ya mwanzo, ukiacha kidogo kwa zile dakika watu wanapopita. Betri ile ile sasa inakufikisha karibu usiku wa pili.

Kuhusu waya, usimwachie fundi achague ule mwembamba kwa sababu ni rahisi kuuficha. Kwa volti 12, hata upotevu wa nusu volti unaonekana. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kwa mita 24, kwenda na kurudi, una ukinzani wa kama omu 0.55. Taa zote zikivuta nusu ampea, unapoteza chini ya volti 0.3 hata zingekuwa zote mwisho wa njia. Wa milimita za mraba 0.5 ungepoteza zaidi ya volti 0.8, na taa ya getini ingekuwa ya kwanza kufifia betri ikishuka.

Volti 12 ina faida nyingine kwa watu wa Kilosa. Mnaoishi karibu na mto Mkondoa mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010. Waya wa volti 230 uliofukiwa kiholela kwenye udongo unaojaa maji ni hatari kwa maisha. Wa volti 12 ukikatwa na jembe au ukilowa, utapoteza taa, si mtoto. Betri na kontrola viweke juu, mahali ambapo maji hayajawahi kufika.

Kumbikumbi, vyura na kifutu

Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi huja kwenye taa. Wengi wetu utotoni tumeweka beseni la maji chini ya balbu na asubuhi tukapata kitoweo. Lakini kwa nini wadudu hufuata taa?

Mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London na Florida International University walichapisha utafiti katika jarida la Nature Communications. Walitumia kamera za kasi kurekodi wadudu wakiruka karibu na taa, na wakaona kwamba wadudu hawavutwi na taa kama tunavyodhani. Wengi wao huruka mgongo ukielekea upande wenye mwanga, kwa sababu kwa mamilioni ya miaka mwanga ulikuwa juu, angani. Taa ikiwa pembeni, mdudu anaigeuzia mgongo, njia yake inapinda, anazunguka bila mwisho. Kumbe amenaswa!

Sasa fuata mnyororo. Wadudu wakirundikana chini ya taa, vyura na mijusi huja kula. Vyura wakija, nyoka wanaowala nao wana sababu ya kuja. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe, hula panya na vyura, huwinda zaidi usiku kwa kulala kimya na kusubiri, na hategemei kukimbia bali kufanana na majani makavu. Watu wengi wanaoumwa naye ni wale waliomkanyaga. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, kwa hiyo hili si jambo la kutishana tu.

Ina maana tukae gizani? Hapana. Ina maana tuchague taa. Macho ya wadudu wengi huona vizuri zaidi urujuanimno, bluu na kijani. Taa nyeupe yenye ubaridi, iliyoandikwa 6500K, ina bluu nyingi. Iliyoandikwa 2700K au 3000K ina rangi ya manjano kama ya kibatari na kwa kawaida hukusanya wadudu wachache zaidi. Haiwaondoi wote, ila inapunguza. Kofia nayo inasaidia, kwa sababu taa isiyoonekana kwa mbali haimpotezi mdudu aliye mbali. Na taa inayong'aa zaidi uani usiiweke juu ya mlango, wala juu ya mlango wa choo. Vimulimuli, ambao hutafutana kwa kuwaka, nao watakushukuru.

Mwezi ukichelewa

Mikumi mjini pako jirani na hifadhi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na wanyama hawasomi mabango ya mipaka. Taa si uzio. Haitamzuia tembo. Kazi yake ni kukupa nafasi ya kumwona wewe kwanza, ukiwa bado mlangoni.

Mwaka 2011 Craig Packer na wenzake, akiwemo mtafiti Mtanzania Dennis Ikanda, walichapisha uchambuzi wa mashambulizi ya simba dhidi ya watu nchini Tanzania kati ya 1988 na 2009. Zaidi ya watu 1,000 walishambuliwa katika miaka hiyo, hasa kusini-mashariki mwa nchi. Walipolinganisha saa za mashambulizi na kalenda ya mwezi, jambo moja lilijitokeza: siku za hatari zaidi zilikuwa zile zinazofuata mwezi mpevu. Baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Siku ya tatu, kuna karibu saa 2 na nusu za giza totoro mara tu baada ya jua kuzama, na ni muda ambao watu bado wako nje, kabla ya saa 4 usiku.

Utafiti ule haukupima taa za nyumbani, tusiusemee. Lakini unatuambia saa ambazo watu wako njiani na giza ni nene. Ni zile zile saa 4 za kwanza tulizopanga taa ziwake kwa nguvu yote.

Kabla ya kununua chochote

Subiri usiku usio na mwezi. Zima taa zote, kaa nje dakika 20 mpaka macho yazoee, kisha tembea njia yako taratibu ukiwa na mwenzako mwenye tochi, buti miguuni. Kila mahali ulipositasita, weka jiwe: kona, ngazi, mtaro, mzizi, geti. Asubuhi utaona mawe yamejikusanya sehemu chache, hayajasambaa sawasawa. Hapo ndipo taa zako ziende kwanza. Sehemu iliyonyooka na tambarare, chokaa inaweza kuitosha.

Halafu kata nyasi mita moja kila upande, ondoa rundo la kuni lililo karibu na njia, na ndipo uende dukani. Ukifika, soma vitu vitatu kwenye boksi: lumeni, K na wati. Muuzaji akikuambia "hii ni kali sana, inamulika mpaka kwa jirani", mshukuru, umuulize kama ana ndogo zaidi.